Kipimo cha Akili: Kutoka Njia ya Misafara Hadi Chumba cha Mtihani

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotangazwa, katika vijiji vya Sikonge kama katika vijiji vingine vya nchi yetu, huwapo watoto wanaopongezwa na watoto wanaonyamaza. Anayepongezwa husifiwa kuwa ana akili. Anayenyamaza huambiwa, pengine na mzazi wake mwenyewe, pengine na mwalimu aliyemfundisha kwa miaka mingi, kwamba kichwa chake ni kizito. Maneno hayo mawili, "hana akili", husemwa kwa pumzi moja, lakini mtoto huweza kuyabeba mpaka uzeeni. Kwa hiyo inatupasa tujiulize, bila pupa, kama kipimo kinachotumika kutoa hukumu hiyo hupima kweli uwezo wa mtu, au hupima kitu kingine ambacho tumezoea kukiita kwa jina hilo.

Swali hili limejadiliwa na wataalamu wa nchi nyingi kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Hata hivyo, nchi ya Unyamwezi ni mahali pafaapo sana kulijadili, kwa sababu hapa, katika muda wa vizazi vichache tu, vipimo vitatu vya uwezo wa mtu vimepokezana: kipimo cha safari, kipimo cha nasaba, na kipimo cha karatasi. Tukivitazama kimoja kimoja, tutaweza kuona kila kimoja kilipima nini na kiliacha nini.

Kwanza tuanze na lugha, maana lugha ni ghala ya fikra za watu. Kiswahili hakikuridhika na neno moja tu la kutajia uwezo wa kufikiri. Tuna akili, tuna maarifa, tuna busara, tuna hekima, tuna werevu, tuna ujanja, tuna ustadi na kipaji. Mwerevu hufahamu upesi. Mwenye busara hujua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Stadi huonekana katika kazi ya mikono yake. Na mwenye hekima huwa ameishi, ameona, na amefaidika na aliyoyaona. Wazee hawakuchanganya mambo hayo. Waliposema kuwa akili nyingi huondoa maarifa, walikuwa wakituonya kwamba mtu aweza kuwa na wepesi wa kufikiri na bado akakosa njia. Basi mtu anapodai kuwa amepima akili, swali la kwanza la kumwuliza ni hili: katika yote hayo, amepima lipi?

Tukiingia katika historia, kipimo cha kwanza ni kile cha safari. Katikati ya karne ya 19 Tabora, iliyojulikana pia kwa majina ya Unyanyembe na Kazeh, ilikuwa njia panda ya biashara ya bara. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika hapo mwaka 1857 walikuta njia moja ikitoka pwani ya Bagamoyo, nyingine ikielekea Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine ikishuka kusini. Njia hiyo ya kusini ilipita Ugunda na Ukonongo, katika misitu ya miombo ambayo sehemu yake leo imo katika Wilaya ya Sikonge. Mwaka 1871, vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya Ujiji, Henry Morton Stanley hakuwa na budi kuzunguka kwa njia hiyo ya Ugunda ili afike alikokuwa David Livingstone.

Safari zile hazikuwezekana bila wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa muda wa miezi miwili au mitatu kati ya Tabora na pwani. Lakini atakayedhani kuwa kazi ile ilihitaji mabega tu atakuwa hakuielewa. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, alipaswa kukumbuka vituo vya maji vya masika na vya kiangazi, kujua nchi zenye njaa na zenye chakula, na kukisia mwendo wa siku kwa kutazama jua na hali ya watu wake. Nyampara alipaswa kugawa posho bila kuzusha ugomvi, kujadiliana juu ya hongo na watemi waliomiliki njia, na kusema lugha zaidi ya moja. Aidha, aliyepokea ujira wa majora ya nguo na shanga alipaswa kujua thamani ya kila aina katika kila nchi, maana shanga iliyopendwa mahali pamoja haikununua hata kikombe cha unga mahali pengine.

Hakuna aliyempa kirangozi alama 70 au 80. Mtihani wake ulikuwa njia yenyewe, na jibu lake lilijulikana msafara ulipofika. Hata hivyo, tusiipambe njia ile kupita kiasi. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na pia ya watumwa. Watu wengi walikufa kwa ndui, kwa njaa na kwa silaha, na waliotembea katika minyororo hawakuulizwa uwezo wao ulikuwa upi. Kipimo cha safari kilimfaa mwenye nguvu na aliye huru, kikamwacha nyuma mgonjwa na mnyonge. Lakini kilikuwa na sifa moja kubwa: kilimpima mtu katika kazi ile ile aliyotakiwa kuifanya, mbele ya watu waliomjua.

Mfano mmoja wa mwaka 1873 unalithibitisha jambo hili. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikata shauri kuirudisha maiti yake kwa jamaa zake. Walizika moyo na matumbo chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa siku kumi na nne, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa kwa adabu, wakaendelea.

Mbele ya Unyanyembe wakakabiliwa na tatizo jipya: watu wa njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wasafiri wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawatuma wenzao wachache warudi nayo hadharani kuelekea Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kumzika. Usiku wenzao wakayatupa mabua msituni. Maiti yenyewe ikafungwa upya kama mtumba wa kawaida wa nguo, ikapita bila kutiliwa shaka, na mwezi Februari 1874 ikafika Bagamoyo.

Tuyachunguze matendo hayo. Wamo watu waliopanga jambo la miezi mingi, waliopima hatari, waliowashawishi wenzao, waliotambua hofu za wenyeji, na waliobuni hila ya kuwatoa katika shida bila kumwaga damu. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma katika shule ya misheni huko Nasik, India. Yeye ndiye aliyesoma sala za maziko na kuchonga maandishi katika mti. Elimu yake ilikuwa na kazi yake, na uongozi wa Susi na Chuma ulikuwa na kazi yake. Lakini maziko yalipofanyika London tarehe 18 Aprili 1874, aliyekuwapo miongoni mwao alikuwa Wainwright, mwenye Kiingereza na kalamu. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye mwaka huo huo. Tayari hapo tunaona dalili za kipimo kingine kikianza kutawala.

Nje ya njia kuu, misitu ya Sikonge ilikuwa na shule yake pia. Nchi hii imejulikana tangu zamani kwa asali na nta. Kijana aliyefuatana na baba au mjomba wake kurina asali alijifunza kuchagua mti unaofaa kutengenezea mzinga na mti unaofaa kuutundika; alijifunza majira ya kuchanua kwa miti, tabia za nyuki, matumizi ya moshi, na namna ya kumfuata ndege aongozaye watu kwenye asali. Hayo yote yanahitaji kutambua mambo, kuyalinganisha, kuyakumbuka na kubashiri yatakayofuata, yaani kazi zile zile ambazo wataalamu wa Ulaya walikuja baadaye kusema kuwa ndizo akili. Methali yetu husema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kwa mtu wa Sikonge hayo si maneno ya kupamba mazungumzo tu, maana anazijua nta na asali kwa mikono yake.

Kipimo cha pili, kile cha nasaba, kilikuja na utawala wa kikoloni. Misheni ya Moravian ilikuwa imeanza kazi Sikonge mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja na kanisa zikaja shule. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoitawala Tanganyika, walitaka kutawala kwa kupitia machifu. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1920, walifungua shule ya serikali mjini Tabora, nayo ilikusudiwa hasa kwa watoto wa machifu. Shule iliigiza taratibu za shule za bweni za Uingereza, ikiwa na viranja na nidhamu kali, ili kuwaandaa vijana hao kuwa watawala wadogo chini ya watawala wakubwa.

Dhana iliyokuwa nyuma ya shule hiyo ni kwamba uwezo wa kuongoza hupatikana katika damu. Historia yenyewe ya Unyamwezi ilikwisha kuonyesha kasoro ya dhana hiyo. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alizaliwa katika ukoo wa utemi mdogo usiokuwa na nguvu nyingi, lakini aliunda dola iliyotikisa biashara yote ya kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Watemi wa koo kubwa kuliko ukoo wake walizaliwa na urithi mpana wakaupoteza. Kama uwezo ungekuwa katika damu tu, mambo yasingekwenda hivyo.

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote aliyepita katika shule ya Tabora ni Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Burito, chifu wa Wazanaki. Alianza masomo mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 aliingia Tabora, akasoma hapo hadi mwaka 1942. Baada ya Makerere alirudi Tabora akafundisha katika shule ya St. Mary's kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Watu husema kuwa Nyerere alifika juu kwa sababu alikuwa na akili nyingi, na hapana shaka alikuwa nazo. Lakini yafaa mwanafunzi wa historia aulize swali la pili. Kijana huyo alichunga mifugo hadi alipokuwa na miaka 12. Laiti asingekuwa mtoto wa chifu, katika nchi ambayo shule zilikuwa chache na nafasi zikienda kwanza kwa watoto wa machifu, ni nani angaliipima akili yake? Wachungaji wenzake wangapi hawakufika hata kwenye mlango wa chumba cha mtihani? Mtihani humtambua yule aliyefika mlangoni. Yule aliyebaki malishoni haumwoni kabisa.

Wakati Tabora ikitumia kipimo cha nasaba, huko Ulaya na Marekani kipimo cha tatu, kile cha karatasi, kilikuwa kimekwisha kushika mizizi. Mwaka 1905 Mfaransa Alfred Binet, akisaidiwa na Théodore Simon, alitunga maswali ya kuwatambua watoto wa Paris waliohitaji msaada zaidi darasani. Nia yake ilikuwa njema: mtoto aliyekwama asaidiwe. Binet mwenyewe alipinga wazo la kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokadiriwa tangu kuzaliwa, kisichoweza kuongezeka. Lakini chombo kikishatoka mkononi mwa fundi, hutumiwa na wengine watakavyo. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa miaka ili kupata namba moja; na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akaieneza namba hiyo kama kipimo cha urithi wa mtu. Kilichokuwa dawa ya mtoto aliyekwama kikawa muhuri wa kumpiga usoni.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, askari zaidi ya milioni moja na nusu walipewa majaribio ya namna hiyo. Waliojua kusoma waliulizwa, pamoja na mambo mengine, juu ya bidhaa zilizouzwa katika maduka ya Marekani. Wasiojua kusoma walionyeshwa picha, wakatakiwa kutaja kilichopungua: uwanja wa tenisi usio na wavu, au gramafoni isiyokuwa na pembe yake ya kutolea sauti. Mtu aliyetoka shamba la Italia au Poland, ambaye hajaona tenisi wala gramafoni, alishindwa, na kushindwa kwake kukaandikwa kuwa ni uchache wa akili. Mwaka 1923 Carl Brigham alitunga kitabu kizima akidai kuwa majaribio hayo yalithibitisha ubora wa watu wa Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1930 mtaalamu huyo huyo alikiri hadharani kwamba madai yake hayakuwa na msingi. Lakini kukiri kwake kulikuja baada ya sheria kali ya mwaka 1924 ya kuzuia wahamiaji.

Afrika Mashariki haikusalimika. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, R. A. C. Oliver alitunga nchini Kenya jaribio la akili kwa ajili ya Waafrika, akalinganisha wanafunzi Waafrika na wanafunzi Wazungu wa koloni lile. Waafrika walipata wastani wa chini, ingawa wengine miongoni mwao waliupita wastani wa Wazungu. Oliver hakudai kwamba tofauti ile imethibitika kuwa ya kuzaliwa, kwa kuwa aliona wazi kwamba makuzi na masomo ya watoto hao hayakulingana. Wengine hawakuwa na tahadhari hiyo. Dakta H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, alipima vichwa vya Waafrika akatangaza kwamba wana upungufu wa kuzaliwa. Mwenzake, F. W. Vint, alipima ubongo wa maiti za Waafrika waliofia hospitalini, na mwaka 1934 akachapisha matokeo yaliyotumiwa kuunga mkono dai hilo.

Tutafakari uzito wa jambo hilo. Maiti zile zilikuwa za watu ambao wengi wao walikuwa maskini na wagonjwa; hakuna aliyejua walipokuwa hai walikuwa wakifanya nini, wala waliweza nini. Na hitimisho lilikuwa na faida yake: kama Mwafrika hawezi kufundishika sana, kuna haja gani ya kumjengea shule za sekondari? Serikali ya Uingereza ilikataa kutoa fedha walizoziomba madaktari hao kwa utafiti zaidi, na hoja yao ikafifia. Lakini mbegu ya dharau haihitaji fedha nyingi ili iote.

Je, kosa lilikuwa wapi? Utafiti uliofanywa baadaye umetupatia majibu. Katika miaka ya 1960 Michael Cole, Joseph Glick na wenzao walikwenda Liberia, miongoni mwa wakulima wa Kpelle, wakawapa vitu mbalimbali, kama vyakula na zana, wakawaomba wavipange vinavyolingana. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, wakieleza kwamba kisu ndicho hukata chungwa, na kwamba mtu mwenye busara hupanga hivyo. Mtafiti alipochoka aliuliza: mpumbavu angepangaje? Mara wakavigawa vitu vile kama vitabu vya Ulaya vitakavyo, vyakula huku na zana kule. Uwezo walikuwa nao muda wote; walichokikosa ni kujua kwamba mgeni yule alitaka jibu ambalo kwao lilikuwa la kipumbavu.

Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha uchunguzi wake kutoka Uganda. Aliona kwamba Waganda wa vijijini walihusisha akili na utulivu na uangalifu, ilhali majaribio ya Ulaya humpa alama nyingi ajibuye upesi. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba mwenda pole hajikwai, akiwekewa saa mezani, atahesabiwa kuwa mzito kwa sababu tu ametii malezi mema.

Huko Embu, nchini Kenya, watafiti walilinganisha watoto wa mwaka 1984 na watoto wa rika lile lile wa mwaka 1998, wakitumia jaribio la michoro ambalo kwa miaka mingi lilisifiwa kuwa halitegemei elimu wala utamaduni. Katika miaka 14 alama za watoto zilikuwa zimepanda kwa kiasi kikubwa sana. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Kilichobadilika ni wazazi kujua kusoma, chakula kuwa bora zaidi, na familia kupungua ukubwa.

Mfano wa mwisho unaturudisha mwisho wa ile ile njia ya misafara, yaani Bagamoyo. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo Watanzania, walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa shule za msingi za sehemu hizo. Waliwapa watoto jaribio, kisha wakawafundisha kwa muda usiozidi saa moja namna ya kuyakabili maswali ya aina hiyo, kisha wakawajaribu tena. Alama ziliongezeka, na tena mpangilio wa watoto haukubaki ule ule: aliyekuwa mbele mara ya kwanza hakuwa lazima mbele mara ya pili. Saa moja ya mafunzo ilitosha kuonyesha uwezo ambao jaribio la kwanza halikuuona. Katika utafiti ulioambatana na huo ilionekana pia kwamba kichocho kizito kilihusiana na alama za chini. Basi pengine tulipodhani tunapima akili, tulikuwa tukipima maji ya bwawa analoogea mtoto.

Turudi sasa nyumbani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto karibu nusu milioni walikuwa katika shule za msingi, na wanafunzi wapatao 12,000 tu walikuwa katika shule za sekondari. Mtihani wa darasa la nne uliwapunguza watoto, na ule wa darasa la nane ukawapunguza tena. Hapakuwa na njia nyingine ya kugawa nafasi chache kwa watu wengi. Lakini hapo ndipo lugha yetu ilipotuponyoka. Wizara ilisema kuwa mtoto hakuchaguliwa. Kijiji kikasema amefeli. Na rafiki zake wakasema hana akili. Maneno hayo matatu yana maana tatu tofauti. La kwanza linaeleza idadi ya madawati. La pili linaeleza siku moja ya mtihani. La tatu linahukumu maisha ya mtu.

Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya elimu ya kujitegemea, Nyerere, aliyekuwa ameshinda mitihani yote aliyopewa, alieleza wazi kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaandika kwa wakati uliowekwa, na kwamba hauonyeshi vema nguvu ya mtu ya kufikiri wala moyo wake wa kuwatumikia wenzake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kazi za mwanafunzi za kila siku na mwenendo wake vilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Mpango huo ulikuwa na matatizo yake, maana mwalimu naye ana upendeleo na uchovu. Lakini ulikiri jambo la kweli, kwamba mtu hawezi kufahamika kwa saa tatu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umekuja katika karne hii. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, shule za kata zilijengwa nchini kote, na mwaka 2016 ada ya sekondari ikafutwa hadi kidato cha nne. Watoto wa aina ile ile ambao katika miaka ya 1960 wangaliambiwa wamefikia mwisho wa uwezo wao, sasa huingia sekondari, na miongoni mwao wametoka wauguzi, walimu na mafundi. Hakuna muujiza uliotokea vichwani mwao. Mlango ulipanuliwa, na uwezo ambao tuliutangaza kuwa haupo ukapita.

Kwa haya yote haifai kuhitimisha kwamba mitihani haina maana. Mtihani mzuri huonyesha mtoto amejifunza nini na wapi amekwama, na hiyo ndiyo ilikuwa nia ya Binet. Tena mtihani una haki yake: mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Sikonge na mtoto wa mkubwa hujibu karatasi moja, na msahihishaji hajui baba zao. Tukiuondoa bila kuweka kitu bora, kipimo cha nasaba kitarudi kwa mlango wa nyuma, kikiitwa kujuana. Kwa hiyo karatasi tuihifadhi, lakini tuipe kazi yake na tusiiongezee nyingine. Iseme mtoto anajua nini leo. Isiseme atakuwa nani kesho, wala isiseme ukoo wake au kabila lake lina thamani gani.

Mwalimu anayesoma makala haya anaweza kuanza na jambo dogo. Mwanafunzi wake akishindwa swali, kabla ya kuhukumu kichwa chake, amwulize amelielewaje, amfundishe, kisha ampime tena, kama walivyofanya Bagamoyo. Aulize mtoto amekula nini, ametembea umbali gani, na swali limetungwa kwa lugha ya nani. Na mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika orodha akumbuke kwamba Susi na Chuma hawakuwamo katika orodha ya walioalikwa kanisani London, lakini bila wao pasingekuwa na maziko. Njia ile ya misafara imefunikwa na nyasi mahali pengi, lakini imetuachia funzo moja: uwezo wa kirangozi ulijulikana baada ya kupewa msafara auongoze. Watoto wetu nao wapewe njia, ndipo tutakapojua wanaweza kufika wapi.